Ushanga Wenye Jino

Nilipokuwa darasa la tatu pale Kwedizinga, ulimi wangu ulikuwa na kazi kila jioni, na sisemi umbea, ingawa huo nao niliuweza. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mtunga shanga. Vidani vya mabibi harusi, shanga za kiunoni za wasichana waliotoka kuchezwa unyago, bangili za watoto, vyote vilitoka kwenye ungo wake. Na kila punje ya ushanga wa kioo, kabla haijaingia kwenye uzi, ilipita kwanza kwenye ncha ya ulimi wangu.

Sababu ni kwamba shanga za kioo hazitoki zote sawa. Nyingine zimekatwa vibaya, na ukingo wa tundu unabaki na makali usiyoyaona kwa macho. Bibi aliuita huo ushanga wenye jino. Ukiuacha upite, unatulia na wenzake na kuutafuna uzi kila mvaaji anapogeuza shingo, mpaka siku moja uzi unaachia. Vidole vya Bibi vilikuwa vimekomazwa na jembe, havikuhisi kitu kidogo namna hiyo, kwa hiyo kazi aliniachia mimi. Nikikuta wenye jino, nautema kwenye kifuu. "Ulimi wa mke mwenzangu haudanganyi," aliwaambia wageni, akiniita hivyo kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Mimi navimba kichwa siku nzima.

Lakini kulikuwa na jambo alilolishika kuliko hata hilo la jino. Bibi aliamini shanga zinamsikia anayezitunga.

"Usiguse ungo wangu ukiwa na kijicho," alituonya. "Kidani kilichoguswa na mwenye kijicho kitamkatikia mvaaji mbele za watu. Na huyo mwenye kijicho, jicho lake ndiyo basi tena. Kila atakachokitazama kwa kutamani kitaharibika."

Niliamini, kama nilivyoamini kwamba kesho kuna shule. Sikuogopa, kwa sababu sikuwa na wa kumwonea kijicho. Ungo ulikuwa wetu wawili, mimi na Bibi.

Halafu akaja Zaina.

Zaina ni mtoto wa mama yangu mkubwa, dada yangu kwa mila zetu, ananizidi miezi minne tu. Walikuwa wakiishi Korogwe mjini, na mama yake alipougua aliletwa kwa Bibi akae nasi mpaka hali itulie. Nilimpokea vizuri. Nilimwonyesha kisima, nikamwonyesha mbwa wa kuogopa na mbwa wa kupuuza. Siku ya tatu akachuchumaa pembeni ya ungo, akaangalia kidani nilichokuwa nimekipanga, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa nini zote zinafuatana hivyo?" Sikujua kama rangi zinahitaji sababu.

Yeye akamwaga shanga kwenye kanga, akapanga. Bluu iliyokolea, nyeupe tatu, nyekundu moja peke yake. Kisha akarudia, safari hii nyeupe mbili. Kisha moja. Ukikitazama unaona kama kidani kinakwenda mahali. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akakiinua mpaka puani, akakizungusha juani.

"Hiki kinapumua," alisema.

Akachukua na changu, akakivuta vuta. "Na hiki ni imara."

Imara! Jembe ni imara, mlango wa zizi ni imara. Mimi ni mtu wa wivu, nakiri mapema, na wivu wangu ninaweza kukuonyesha ulipozaliwa: ulizaliwa pale, juu ya kanga ya Bibi, saa kumi alasiri. Tangu siku hiyo Zaina akawa anapanga rangi na mimi naonja. Nilimchukia anavyouma mdomo wa chini akifikiri. Nilichukia hata namna alivyokunja kanga.

Mambo yalizidi mama mdogo Saumu alipoposwa na watu wa Segera. Bibi alitangaza kwamba macho yake hayana safari ndefu tena, na kidani cha Saumu kingekuwa kikubwa cha mwisho kukisimamia mwenyewe. Baada ya harusi angechagua mmoja kati yetu, akae naye, arithi ungo. Mmoja tu. Hakusema nani, ila kidani cha Saumu alimpa Zaina akipange.

Siku mbili kabla ya harusi tulikuwa tumekaa mkekani watatu. Zaina anapanga, mimi naonja, Bibi anatunga kwa uzi wa pamba alioupaka nta. Nilifika kwenye shanga nyekundu. Mmoja ukanikwaruza ulimi. Haukuwa wa kubahatisha, ulikuwa na jino hasa, nilihisi ladha ya damu. Kifuu kilikuwa karibu na goti langu. Nikamtazama Zaina, anauma mdomo wake wa chini. Nikauweka ushanga kwenye kiganja cha Bibi.

"Safi?" aliuliza, kama alivyouliza kwa kila punje.

"Safi, Bibi."

Sikutaka mama mdogo aaibike. Nilipiga hesabu za kitoto: kidani kikatike miezi mingi baadaye, huko huko Segera, watu waseme kazi ya Zaina nzuri lakini haidumu. Hapo Bibi angekumbuka nani ni imara.

Hakikungoja miezi. Siku ya harusi, adhuhuri, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejaa uani, na mama mdogo akatolewa ndani aonekane. Kidani kilimkaa kifuani mpaka watu wakanyamaza. Nilisikia mmoja akiuliza, "Nani kakitunga hicho?" na wivu ukanipanda upya. Mama mdogo akapiga goti kumwamkia mama mkwe. "Shikamoo, mama," akasema, akainamisha shingo, na uzi ukaachia.

Shanga zilimwagika mkekani, zikaviringika mpaka mchangani, na kuku wakaja kuzidonoa. Hakuna aliyewafukuza. Shangazi mmoja wa bwana harusi alifunika mdomo kwa mtandio, akasema, "Mh! Hapa pana mtu ana jicho."

Bibi alivua kidani chake mwenyewe cha zamani, akamvalisha mama mdogo, sherehe ikaendelea kwa kujilazimisha. Kisha akatuita nyuma ya jiko, mimi na Zaina.

"Ungo umeshikwa na watu watatu," alisema. "Mimi kijicho sina, Saumu ni mwanangu. Nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Zaina alinitangulia.

"Ni mimi, Bibi. Nilikuwa namwonea kijicho Mwajuma. Yeye unamwita mke mwenzangu. Mimi unaniita Zaina tu."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa raha. Zaina, mwenye vidani vinavyopumua, alikuwa akinionea wivu mimi! Niliufunga mdomo wangu, nikabaki na raha yangu. Bibi hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia asiguse tena shanga, na awe mwangalifu na macho yake maisha yake yote. Siku ya tatu Zaina akarudishwa Korogwe kwa mama yake. Ungo ukawa wangu.

Ndoa ya mama mdogo haikuvunjika. Wana watoto sita na wanagombana kila wiki kama watu wenye afya. Mimi niliolewa Segera, na mpaka leo natunga. Siku hizi natumia uzi wa nailoni, wasichana wananitumia picha kwa simu wakitaka hereni za kufanana na gauni. Kazi yangu inasifiwa kwa kudumu. Zaina aliolewa Makuyuni, wanalima. Tuliitana dada kwenye misiba na harusi, basi. Kila nilipojifungua nilimpelekea habari, na mara zote nne hakuja mpaka mtoto ameshatembea. Nilisema ni maringo. Nilisema bado ana kinyongo na ungo.

Mwaka huu binti yangu wa kwanza alijifungua hapa kwangu. Nikampigia Zaina, akajibu, "Hongera, dada. Nitakuja akishatimiza mwaka." Nilipandwa na hasira ya miaka yote. Kesho yake nikafunga safari mpaka Makuyuni kumpa maneno yake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, nikamwambia yote bila hata kukaa: kwamba anajisikia, kwamba watoto wangu si uchafu, kwamba hata mjukuu wangu hamtaki.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwajuma," alisema, "si wewe ulikuwepo? Unayajua macho yangu."

Kwanza sikuelewa. Akaendelea kupukuchua, huku akinieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Kwamba haendi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, ya mtu yeyote. Akipita shamba la jirani lililostawi, anatazama chini. Wake wenzake wakinunua kanga mpya anaomba wasimwonyeshe. Kwamba wanangu wote wanne alitamani sana kuwaona wakiwa wachanga, na kwa sababu alitamani ndiyo maana hakuja.

Nilikaa chini, kwenye maganda ya mahindi. Nikamwambia. Ulimi, damu, kifuu karibu na goti, "Safi, Bibi." Sikuacha kitu. Nilitegemea anitukane, na ningependa angenitukana.

Gunzi lilibaki mkononi mwake.

"Kwa hiyo halikuwa jicho langu," alisema.

"Halikuwa."

"Miaka yote hii."

Nilianza kuomba msamaha, lakini sidhani kama alinisikia.

"Huyo mtoto ana siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili."

Akaweka gunzi chini. Akanawa mikono, akachukua mtandio, akatangulia barabarani kabla sijasimama.

Tulipofika Segera hakunisubiri nimkaribishe. Alimpokea mtoto kutoka kwa binti yangu, akamfunua uso, akamtazama. Hakuinamisha macho. Alimtazama mpaka binti yangu akaingiwa na wasiwasi, akauliza, "Mama mkubwa, mbona unalia?"

Mimi nilibaki mlangoni. Mara nne nilijifungua katika nyumba hii, na mara zote hizo Zaina hakuwahi kusimama pale. Wakati huo hauwezi kurudishwa na maneno yangu ya Makuyuni. Bibi hakukosea aliposema kijicho hukata uzi. Alikosea mtu tu, na mimi nilimwacha akosee.