Dakika za Mashine Kuzimwa

Mashine yetu ya kusaga unga pale Ijara ilinguruma hadi ngamia wa Kotile wakageuza shingo. Naapa. Miaka minne ya kuihudumia ilinifanya niongee kwa kupiga kelele, nicheke kwa kelele, na kanisani, miongoni mwetu walimu, askari na wachuuzi tuliotoka bara, niliomba kwa sauti ya kutingisha mabati.

Mwenye mashine alikuwa mama wa Kisomali niliyemwita Eedo, yaani shangazi. Jumapili moja jioni akaniambia, "Nafungua mashine nyingine Kotile. Nataka wewe usimamie, miaka miwili. Nipe jibu Ijumaa."

Mke wangu na binti yetu walikuwa nyumbani Mwingi, na tayari nilikuwa baba wa kuonekana Krismasi tu. Lakini kazi nzuri inakataliwaje? Nikafunga siku mbili kavu (sawa, na chai), nikimwuliza Mungu kwa nguvu zangu zote. Jumanne dada mmoja muuguzi, mzee wa kanisa letu, akanisimamisha njiani.

"Ndugu, mtaa mzima tumesikia swali lako. Umempa Mungu nafasi ya kujibu?"

"Nafasi gani tena?"

"Ya kunyamaza, jamani!"

Ninyamaze wapi, mimi mtu wa mashine? Nikakumbuka saa sita na nusu. Adhana ikilia, amri ya Eedo ni kuzima injini, na watu wote wanaenda msikitini. Dakika ishirini. Miaka yote hiyo nilizitumia kukoroma juu ya magunia.

Mchana huo nikaketi wima. Masikio yalipiga wiii. Nikaanza kujiuliza: sauti yake itakuwaje? Besi? Atasema Kikamba, au Kiswahili cha Biblia, chenye "amin, amin"? Nikasikia kuku. Nikasikia tumbo langu likilalamikia ile saumu. Jumatano nikagundua kwamba panya wa stoo wana bunge kamili, na upinzani wao ni mkali. Mungu, kimya. Ila mabega yangu yalikuwa yameshuka, na sikujua kwamba yalikuwa yamepanda.

Alhamisi, katikati ya kusikiliza, simu ikalia. Mke wangu. Nikakasirika kidogo: saa hii kweli? Siku zote nilimjibu, "Sawa sawa, mashine! Tuma meseji!" Safari hii sikuwa na mashine ya kusingizia.

"Baba watoto, uko?"

"Niko."

"Mbona hupigi kelele? Unaumwa?"

Kabla sijajibu nikasikia, nyuma yake, kijisauti kikikokota maneno: "Hi-fa-dhi... ma-ha-li... pa-ka-vu."

"Nani huyo?"

"Nani tena? Mwanao. Anasoma pakiti ya unga. Nilikwambia muhula uliopita anasoma, ukasema sawa sawa."

Mimi niliyepata cheti changu kwa masomo ya jioni, kipara kikiwa kimeshaanza, najua uzito wa kusoma neno la kwanza. Nikaomba arudie. Akaisoma pakiti nzima hadi tarehe ya kuharibika. Nimesaga mahindi ya kulisha nusu ya Kenya, lakini sikuwahi kujua unga una maneno matamu hivyo.

Nikamwuliza mke wangu, "Nikienda Kotile miaka miwili, unaonaje?"

Akanyamaza. Nami, kwa mara ya kwanza, sikukijaza kimya hicho kwa kelele.

"Mwanao akicheza kukupigia simu," akasema mwishowe, "ananguruma kwanza kama injini. Halafu anajijibu, sawa sawa."

Ijumaa nikamwambia Eedo siendi Kotile. Nikishamfundisha mtu wa kushika mashine hii, narudi nyumbani.

"Mungu wako amekuambia?"

"Sijui, Eedo. Nilinyamaza, nikasikia mtoto anasoma."

Akanitazama kama gunia lililotoboka. "Waryaa, we mwanamume! Ulitaka malaika aje na tarumbeta?"

Siku hizi nasaga Mwingi. Saa sita na nusu nazima injini, wateja wananung'unika, na binti anaketi kando yangu kwenye gunia, kidole mdomoni. Juzi aliniinamia sikioni.

"Baba, Mungu amesema?"

"Ngoja kwanza," nikanong'ona.