Lucia Alikuja: Amisa na Fomu Kumi na Moja za Butihinda

Saa mbili asubuhi, mtaani Nyamugari, Gitega, Amisa Husni anapitisha kidole kwenye orodha. Kinasimama kwenye mstari wa namba 43, Butihinda. Wiki mbili zilizopita mstari huu ulikuwa mtupu.

Kazi ya mama huyu wa miaka 38 ni kusaka fomu zisizoonekana za utafiti wa dawa ya shinikizo la damu. Hasa za ziara za hiari, zile ambazo mgonjwa huja mwenyewe akijisikia vibaya. Fomu isipopatikana, je, hakuja, au alikuja na karatasi haikujazwa? Kompyuta haina habari na hilo. Orodha ikifungwa, inaandika "hakuja".

"Mi siwezi kuandika 'hakuja' na sijui," anasema Amisa. "Ule ni mutu, si namba."

Namba 43 ni Lucia, aliyefariki mwezi Machi. Afisa wa utafiti aliyekwenda msibani alisoma orodha mbele ya ndugu wa Lucia na, kwa kuwa mstari wake ulikuwa mtupu, akasema: Lucia hakuja kupimwa. Tangu siku hiyo mumewe Kasiano, mkulima aliyerudi kutoka Tanzania, hasalimiwi na wakwe zake.

"Nilimpeleka kwa baiskeli mwenyewe, dada," alimwambia Amisa alipompigia simu. "Leo naambiwa nilimwacha afe ndani."

Amisa alifunga safari hadi Muyinga, kisha Butihinda. Ilikuwa Jumatano, na orodha ilikuwa ifungwe Ijumaa. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Gervasi alifungua daftari lake la wagonjwa. Jina lilikuwepo: Lucia, Februari 19, kizunguzungu, miguu imevimba. Fishi, kama wanavyoiita fomu huko, Gervasi hakuijaza.

"Niliambiwa ziara ni ya hiari," alisema Gervasi kwa sauti ndogo. "Nikajua na fishi ni ya hiari."

Jamani! Fishi kumi na moja zilikosekana kwa kosa hilohilo, na wagonjwa wengine bado wanameza dawa ileile. Gervasi alizijaza zote kutoka daftarini, Amisa akisimamia, na madaktari wa utafiti wakaarifiwa kuhusu dalili hizo siku hiyohiyo.

Amisa hafichi kwamba alilia. Sasa anataka wauguzi wote wa Gitega na Muyinga wafundishwe kabla ya utafiti mwingine kuanza: kila ziara ina fishi yake, hata ziara ya hiari.

Lakini kwanza ana safari ya Jumapili hii, yeye na yule afisa. Afisa atasoma orodha upya, uani kwa Kasiano, mbele ya wakwe walewale.

"Asome neno moja tu," anasema Amisa. "Alikuja."