Zulia Juu ya Mlango wa Ay Maftuha

Kitabu cha Bwana Dekker kimeupa mji wa Harar kurasa arobaini, na katika kurasa zote hizo hakuna hata jina moja la mtu aliye hai. Malango yetu matano yamo. Misikiti imo, aliihesabu akakosea. Fisi kapewa kurasa tatu nzima. Lakini Ay Maftuha, mama wa mtaa wetu, aliyemkalisha kwenye baraza nyekundu na kumnywesha kahawa ya maganda na maziwa, yeye ni "bibi mmoja mchangamfu". Bibi mmoja! Nusu ya maharusi wa mji huu wameingia kwa wakwe zao wakibeba vikapu walivyofundishwa kusuka na bibi huyo mmoja.

Mimi naitwa Nabil, kazi yangu ni kutembeza wageni, na huyo Dekker nilimleta mimi. Kwa hiyo hasira hii ninayo kwa haki.

Ay Maftuha alifiwa na mumewe wakati binti yao Remziya akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Jamaa walimshauri auze nyumba, ahamie nje ya ukuta wa mji kwenye mabati na maji ya bomba. Akawajibu, "Nihame niache kuta zangu? Au nizikunje nitie mfukoni?" Akabaki. Asubuhi wasichana wa mtaa walikuja kwake na nyasi zao na sindano, wakasuka hadi vidole vikaota sugu. Aliyekosea alifumuliwa kazi yake mbele ya wenzake. "Hiki ni kikapu au kiota cha kunguru?" Wasichana walilia, na kesho yake walirudi. Mchana mlango ulikuwa wazi kwa wageni, na kwa miaka kumi na tisa hakupata kumfukuza mtu.

Sharti lake lilikuwa moja: tazama, shika nikikupa, usihamishe kitu. Maana ukuta wa kwetu, uliojaa vikapu na bakuli, si "duka la vyombo", kama Dekker alivyouita kwenye ukurasa wa mia na nne, ukurasa nitakaoukumbuka hadi naingia kaburini. Kila kitu kina pahali pake na kina lake la kusema. Ukiona kwenye rafu ya juu ya mlango kuna zulia lililoviringishwa, umeshaambiwa: humu mna binti wa kuozwa, leteni washenga. Hakuna anayetangaza kwa mdomo. Zulia linatosha.

Zulia la Remziya lilikaa juu miezi saba. Washenga wa Redwan, fundi saa, walipokuja wakakubaliwa, Ay Maftuha alipanda kigoda akalishusha mwenyewe, vigelegele vikasikika hadi mtaa wa pili. Rafu ikabaki tupu, na kila akipita alikuwa akiitazama anatabasamu. Wiki ile ile Remziya akaanza kusuka kikapu cha mama mkwe, kile ambacho bi harusi humpelekea mama wa mume, na ambacho hakianzwi kabla ya posa. Kilitundikwa ukutani pamoja na vingine, naye alikishusha kila alasiri akaongeza safu.

Ndipo akaja Dekker. Alikaa Harar siku moja na nusu, na nusu yenyewe alikuwa anatafuta soksi. Mle ndani kwa Ay Maftuha aligeuka huku na huku, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Pale juu pamepwaya," akasema. "Picha haitakaa vizuri. Na lile zulia pale kwenye kona lina kazi gani?"

Ay Maftuha alikuwa uani anachemsha kahawa. Dekker akaomba dakika moja tu, akaapa kwamba picha ni ya kwake mwenyewe, ya ukumbusho. Zulia likapandishwa. Picha ikapigwa. Zulia likashushwa. Ay aliporudi na vikombe, kila kitu kilikuwa pahali pake.

Mwaka uliofuata picha ile ndiyo ilikuwa jalada la kitabu, na jalada lenyewe likachapwa kubwa kama mlango, likabandikwa mbele ya hoteli moja karibu na soko. Chini yake wameandika: "Harar, mji uliolala." Uliolala! Sisi tunaoamka kabla fisi hawajarudi mashimoni! Dekker alifika kwetu saa nne asubuhi, macho yamevimba kwa usingizi, halafu mji ndio uliolala.

Ay Sekina, mama yake Redwan, alikuwa anatoka sokoni na viungo vyake. Akasimama mbele ya picha. Kikapu chake alikijua, alikuwa ameshakuja mara mbili kukipapasa na kuhesabu safu. Hicho hapo ukutani, kimefika nusu. Na juu ya mlango, zulia.

"Kikapu changu kinasukwa," alisema kwa sauti ya kusikika na soko zima, "na huku mlango unaita wengine! Kumbe mwanangu kawekwa akiba?"

Siku tatu Ay Maftuha aliapa kwamba tangu siku ya posa hajaligusa zulia lile. Nani wa kumwamini, na picha hiyo hapo? Wasichana hawakuja kusuka, mama zao waliwazuia. Remziya alikitoa kikapu ukutani akakifunika kwa shuka, akaacha kula. Siku ya nne washenga walileta neno: wapewe maelezo leo hii, la sivyo posa imevunjika. Nikaitwa na mimi, kwa kuwa mgeni alikuwa wangu.

Nilikwenda nimewaka moto. Mbele ya wale washenga, wazee watatu, pamoja na Ay Sekina, Ay Maftuha na bintiye, nilimchambua Dekker kama karanga.

"Hawa wanakula vyetu, wanakalia vyetu, halafu wanatuandika wanavyotaka!" nikasema. "Nyumba ya mtu kaigeuza jukwaa lake! Mwizi yule! Kamwibia Remziya ndoa yake kwa ajili ya picha!"

"Kweli kabisa," wakaitikia wazee. Nikazidi kupandisha sauti, na sikatai, nilikuwa naona raha.

Aw Zekariya, mkubwa wa washenga, aliningoja nimalize. "Tumekusikia, Nabil. Sasa, zulia lilipandishwa na nani?"

"Si huyo huyo Dekker! Yeye ndiye aliyetaka."

"Sikukuuliza aliyetaka."

Ay Maftuha akainua kichwa. Alitazama rafu, akatazama kigoda, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni hadi utosini, ambako ni mbali.

"Yule mgeni alikuwa mfupi," akasema polepole. "Na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kamera."

Nikasema. Aliyelipandisha ni mimi. Siku zote tatu nilijua, nikamwacha mama wa watu aape peke yake.

Ay Sekina alipasuka. "Mrefu kama mnara, akili kisoda! Kahawa ya nyumba hii umekunywa miaka mingapi, wewe?" Kisha akamgeukia Ay Maftuha, akamshika mikono yote miwili. "Dada yangu, niwie radhi. Mlango wako nimeutukana sokoni, na sokoni nitausifu." Akamwangalia Remziya. "Na wewe mwanangu, kikapu changu kitoe kwenye sanda hiyo, mimi bado sijafa."

Watu wakacheka, Remziya akacheka huku analia. Mimi nilitafuta viatu vyangu.

Ay Maftuha alinisindikiza hadi mlangoni, maana hata adui yake humsindikiza. Nikaanza tena. "Nisamehe, Ay. Yule mgeni, wallahi..."

"Mwache mgeni," akanikata. "Mgeni hajui zulia. Wewe unajua."

Harusi ilifanyika, na kikapu kilifika kwa mwenyewe kikiwa na safu zake zote. Kesho yake Ay Maftuha akawafungia mlango wageni, mpaka leo. Wasichana wamerudi. Nikipita asubuhi nasikia habari za kiota cha kunguru na vicheko, lakini sibishi hodi.

Wageni nao hawajaacha kuja, kitabu mkononi, wanataka nyumba ya kwenye jalada. Nawafikisha pale, wanapiga picha mbao za mlango. Wiki iliyopita mama mmoja, naye mwandishi, aliniuliza kwa nini pamefungwa. Hotuba yangu ya Dekker ilikuwa tayari mdomoni, nimeshaitoa mara nyingi na kila neno lake ni kweli. Nikaanza kumweleza: zulia, picha, posa.

Alikuwa ameshatoa kalamu. "Nani aliyelipandisha?" akauliza.

Nikamwambia aandike jina langu, nikamtajia herufi moja moja asije akakosea.