Mikono ya Lile Jitu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya maganda ya korosho yakiungua, viganja vinanitoka jasho.

Kijiji chetu kizima cha Chiungutwa kiliijua hadithi aliyoisimulia bibi yangu: jitu la kike lenye mikono myeusi iliyobabuka, lililomla mwanawe wa kumzaa. Siku moja moto ulituzimikia, mama akanituma nikaombe makaa ng'ambo ya mikorosho, kwa mwanamke aliyeishi peke yake. Nilimkuta amechuchumaa, anakaanga korosho kwenye bati lililotobolewa. Mikono yake ilikuwa myeusi, imebabuka kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo," nilinong'ona.

"Marahaba. Wewe mjukuu wa nani?"

Nikamtaja bibi. Akaniwekea makaa kwenye kigae.

"Bado anaisimulia ile hadithi yangu?"

Nilikiinua kigae, nikaanza kurudi nyuma.

"Mwanangu sikumla. Alikufa kwa surua. Bibi yako ndiye aliyenisaidia kuuosha mwili."

Nilikimbia hadi nyumbani. Jioni bibi akaanza kusimulia. Alipofika kwenye ile mikono, wajukuu wenzangu wote walimkumbatia kwa woga. Mimi nilisogea mbali naye.