Takataka Nilizipeleka Mwenyewe kwa Shemeji

Msinitafutie sababu, ndugu zangu. Kosa ni langu, wala simsingizii mzungu wala shetani.

Nilikuwa mtu wa kazi za pembeni kwa wazungu waliokuja kwetu Kisii kupiga sinema za mafunzo. Nilitafuta nyumba, nikaomba ruhusa kwa wenyewe, nikabeba vyombo, nikafukuza kuku mbele ya kamera. Sinema ikizungushwa kwa lori, mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti na kueleza watu kwa Kikisii.

Hii ilikuwa sinema ya usafi. Bwana mkubwa alitaka nyumba moja ipigwe picha mara mbili, kwanza chafu, kisha safi.

Kila nilikoomba walinifukuza. Nani anataka kuitwa mchafu? Basi nikaenda kwa mke wa kaka yangu, nitamwita Kerubo. Kaka, ambaye yeye humwita Baba Nyaboke, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Nyumba ya Kerubo haikuwa na uchafu hata wa kuazima. Takataka nilizipeleka mwenyewe kwa gunia, nikazimwaga mlangoni, nikafunga mbuzi ndani.

"Shemeji, hii maneno ni ya aibu," alisema.

"Ni leo tu. Kesho wanapiga ikiwa safi, na wewe umevaa vizuri."

"Na Baba Nyaboke ataona huko Kericho?"

"Ataona."

Alikubali kwa sababu hiyo tu.

Kesho yake mvua ikanyesha, lori likashindwa kupanda njia ya kwake. Bwana mkubwa alikuwa na haraka ya kuondoka. Akauliza kama kuna nyumba safi karibu na barabara. Ningeweza kusema tungoje jua. Nikasema ipo, ya kwangu.

Mke wangu alivaa gauni la kanisani, akatabasamu mbele ya kamera. Nilifurahi, sitawadanganya. Kerubo naye alikuwa ameshazoa takataka, amesiriba sakafu upya, amevaa, anangoja. Nilimwambia wazungu wamebadili mawazo, nikaondoka.

Miezi ikapita. Lori likatufikisha kambi ya vibarua Kericho. Kaka yangu alikaa mbele kabisa, amewaambia wenzake kwamba mwenye sauti ni ndugu yake.

Mara ukatokea mlango aliouchonga kaka kwa mikono yake, na takataka zangu mbele yake, na mkewe amesimama kati.

Maneno niliyopewa yalikuwa, "Huyu ni mama mvivu." Mzungu hakujua Kikisii hata kidogo. Ningeweza kusema lolote, naye asingejua. Niliyasema kama nilivyopewa, tena kwa sauti nzuri. Vibarua wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akaja mke wangu, nikamwita mama mwerevu.

Kaka alinifuata nyuma ya lori.

"Ile nyumba ni yangu?"

"Ni yako."

"Na ile maneno umesema ni ya ukweli?"

Nilikuwa na nafasi ya pili. Nikamjibu kwamba mimi nasema tu ninachopewa. Ole wangu!

Hakurudi nyumbani tena. Alioa mwingine hukohuko. Kerubo analea watoto peke yake, na akienda sokoni Nyakoe kuna wanaomwita kwa lile jina nililompa. Mimi hanitukani. Ananisalimu tu na kupita, na afadhali angenitukana.

Mwishowe nilipanda lori hadi Kericho, nikamweleza kaka kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa ulisema na kipaza sauti, watu wote wakasikia," akasema. "Sasa ukweli unaniletea mimi peke yangu, tena polepole hivi?"

Akarudi kazini.

Nyinyi mnaowatafutia wenye kamera mahali pa kupiga picha, nawasihi. Mtu akikufungulia mlango wake kwa kukuamini, usimwache achekwe. Na ukishamharibia jina mbele ya watu, lisafishe mbele ya watu haohao, tena mapema. Mimi nimechelewa, na hata katika barua hii nimeshindwa kuandika jina langu.