Siku Verna Alipopewa Kiti

Verna Wiersma alifunga springi za viti vya ofisi kiwandani kwetu Zeeland, Michigan, mpaka alipougua. Alirudi siku ya kuagwa kazini, amekonda, na kama ilivyo desturi yetu tukampa kiti tulichomuundia wenyewe. Akaketi, akaegemea. Mgongo wa kiti haukulala hata kidogo.

"Sukuma, mama! Au umesahau kazi?" alitania Duane, pande la mtu.

Verna hakucheka. "Ugonjwa umenimaliza," aliniambia kwa sauti ndogo. "Hata kiti kimenishinda."

Mimi si msemaji. Nilipiga magoti, nikapapasa skrubu kubwa ya kukazia springi iliyo chini ya kiti. Springi ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, na mtu mwepesi hawezi kuilaza ikiwa hivyo.

"Nani amekijaribu hiki?" niliuliza.

Duane aliinua mkono polepole. "Mimi. Nilikikaza kinibebe vizuri."

"Kikubebe wewe, tembo mzima?" Verna akafoka huku akicheka. "Sogeeni, nifanye mwenyewe."

Akainama, akalegeza skrubu, akaketi tena. Mgongo wa kiti ulilala taratibu, kikalio kikaufuata kidogo tu, na nyayo zake zikabaki sakafuni.

Tukamwita akate keki.

"Ileteni hapa," alisema, macho kayafumba.