Rafiki Yangu Alipokonda, Nilisema Tumuombee

Mimi ndiye mwenye makosa, na naomba mtu asinitafutie kisingizio. Sikuiba, sikupiga mtu, sikumchukulia mwenzangu bwana. Nilifungua mdomo mara moja tu ndani ya saluni yangu, na mwanamke mzima akaanguka.

Saluni yangu iko Dagoretti Corner, Nairobi. Miaka hiyo tulikuwa tumekodisha chumba kimoja na rafiki yangu, nitamwita Nekesa. Mimi upande huu na vioo na drai zangu za kukaushia nywele, yeye upande ule na cherehani yake, akishona yunifomu za shule. Bwanake, Baba Brayo, alikuwa dereva wa familia fulani tajiri huko Loresho na alilala huko huko kazini, nyumbani akija wikendi tu, kwa hivyo kutwa nzima Nekesa alikuwa wangu. Tulikula pamoja, tulicheka pamoja, na tulikuwa wanene pamoja. Wanene kabisa! Wateja walituita mabibi wa waheshimiwa, na sisi tulifurahi.

Jumapili moja watu wa utafiti walikuja kanisani. Daktari mmoja wa kike, mpole, akasimama akasema wanataka kujua kwa nini wanawake wa mitaa kama yetu wananenepa, na kwa nini presha na sukari zinatupata bado tuna nguvu. Alisema tunadhani hayo ni magonjwa ya matajiri, lakini yeye anayaona hata kwa mama mboga wa kibandani. Wanaotaka watapimwa, watafuatiliwa, watafundishwa kula na kutembea, ionekane kama miili itabadilika.

Tulienda sote wawili, ofisini kwao katikati ya jiji, orofa ya juu. Nikapanda mzani. Nesi akasoma kilo zangu kwa sauti, na wanawake wote kwenye benchi wakageuka. Jamani, aibu! Yule nesi hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilishuka pale nimeapa sirudi, na sikurudi.

Nekesa alirudi. Walimpata na presha ya juu, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze tumbo. Akayashika hayo maneno kweli kweli. Asubuhi alitembea Ngong Road kwa miguu hadi maduka ya Adams na kurudi kabla hatujafungua. Chipsi aliacha. Soda aliacha. Chai alikunywa bila sukari, anakunja uso, halafu anacheka.

Akaanza kupungua. Kwanza uso, halafu mikono. Nguo zake akazipunguza mwenyewe kwa cherehani. Siku moja alinivuta mkono. "Mama Shiro, si twende pamoja? Aki mwili unasikia mwepesi!"

Nilimwambia sina wakati. Uongo! Nilikuwa namwonea wivu. Yeye alikuwa amevumilia kitu ambacho mimi nilikitoroka siku ya kwanza.

Na kama ulikuwa Nairobi miaka hiyo, unajua. Mtu akikonda, watu hawakuuliza siku hizi anakula nini. Walikuwa na jibu moja tu, na jina lake hawakulitaja.

Siku hiyo Nekesa alikuwa ametoka kununua uzi. Mteja wangu, mama mmoja wa kwaya, akaniangalia kupitia kioo, akasema polepole, "Kwani Nekesa ako na nini? Si umeona vile ameisha?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa mdomoni. Nikashusha pumzi ndefu, nikaweka kichana chini, nikasema, "Tumuombee tu."

Basi. Hayo tu! Yule mama akashika kifua. "Ngai! Na vile ako na watoto wadogo!" Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamalizia yaliyobaki.

Haikupita wiki, wamama wa kanisa wakaja chumbani kwetu na Biblia kumwekea mikono. Nekesa akabaki amesimama na tepu shingoni, hajui anaombewa nini. Wazazi wa wanafunzi wakaanza kupeleka yunifomu kwa fundi mwingine. Dada zake Baba Brayo wakampigia simu huko Loresho, wakamwambia asilale tena kitanda kimoja na yule mwanamke. Nekesa akaenda akapimwa damu, akawa hana kitu. Bwanake aliamini. Wale dada wakasema karatasi za majibu kama hizo zinanunuliwa mjini.

Haikuishia hapo. Ikaanza kusemwa kwamba ni watu wa utafiti waliompa ugonjwa, eti vidonge vyao ndivyo vinavyokondesha. Wanawake wa kanisa letu waliokuwa wamejiandikisha wakaacha kwenda, mmoja baada ya mwingine. Yule daktari akatufuata mpaka saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, tumewakosea wapi?" akaniuliza. "Kuna wengine hapa presha yao inaniogopesha."

"Sijui, daktari."

Nilimwangalia machoni nikasema sijui! Baadaye wakafunga kazi yao mtaani kwetu wakaenda.

Nekesa hakujua maneno yalianzia wapi. Alikuja kulia kwangu. Kwangu! Halafu mchana mmoja akaingia na chipsi zimefungwa kwa karatasi, na soda mbili.

"Wacha ninenepe," akasema. "Nikirudi vile nilikuwa, watanyamaza."

"Na wale madaktari?"

"Hao hawaishi hapa."

Hata vidonge vya presha aliacha, kwa sababu mtu alimwona akimeza, akaenda kutangaza kwamba ameanza dawa za ule ugonjwa. Nilijua ni hatari. Nilikuwa nimeambiwa na daktari kwa masikio yangu haya. Lakini nikafungua soda yangu nikanywa, na ndani yangu nikasikia raha kidogo kwamba anarudi kuwa kama mimi. Woi! Hiyo raha ndiyo inayonifuata. Nikiwa naosha mtu nywele, nikiwa kanisani, nikiwa nakula na watoto wangu, inakuja tu na inakaa.

Alinenepa haraka. Na kweli watu walinyamaza. Wateja wakarudi. "Nekesa amepona," wakasema. "Mungu ni mwema."

Asubuhi moja alikuwa anapiga pindo la sketi, cherehani ikasimama. Nikasikia ananiita, lakini jina langu lilitoka limepinda. Nilipogeuka, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, na mkono wake wa kulia umelala juu ya kitambaa kama si wake. Kiharusi.

Hakufa. Lakini cherehani hakuigusa tena. Baba Brayo aliacha kazi ya Loresho akatafuta nyingine ya karibu, ili amwangalie. Mimi nikawa naenda kwao kumwosha nywele na kumsuka, na majirani wakanisifu. Rafiki wa kweli ni huyu! Nikisikia hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Siku moja nikashindwa. Nilikuwa nyuma yake namsuka, uso wake siuoni, nikamwambia yote. Yule mama wa kwaya, swali lake, jibu langu, wivu wangu. Nekesa akaongea neno moja moja, vile anavyoongea siku hizi.

"Nilikuwa... nimeanza... kuwa mzima."

Akainua mkono wa kushoto, akashika wangu. Nikadhani ananisamehe. Akautoa kichwani mwake, akauweka kando.

"Enda nyumbani, Mama Shiro."

Niliondoka nusu ya kichwa haijasukwa. Binti yake mkubwa ndiye aliyemalizia. Nimerudi mara kadhaa, na huyo binti hutoka mlangoni kwa adabu, ananisalimia, ananiambia mama amelala. Hata saa nne asubuhi mama amelala.

Nilikuja kupimwa mimi pia. Presha iko juu, na nikaambiwa yale yale: punguza mwili, tembea. Najua ni ukweli. Lakini kila nikianza, nikiona sketi inalegea kiunoni, naingiwa na hofu, kwa sababu najua vizuri wanawake kama mimi husema nini. Narudi kwenye sahani.

Wewe unayesoma haya labda uko saluni sasa hivi. Ukiulizwa kuhusu mwili wa mwenzako na unajua ukweli, sema. Anatembea. Ameacha chipsi. Anameza dawa ya presha. Kama hujui, mwulize yeye mwenyewe, ana kwa ana. Na tafadhali usijifanye mtakatifu juu ya mtu. Mimi nililitumia jina la maombi kumwangusha mtu aliyekuwa anajiponya.